Hamoki ya msimu wa joto: anza na mgongo

MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Hujambo mwandishi. Mimi ni mwalimu hapa Kisumu, niko na urefu wa futi sita na inchi moja na kilo 92. Disemba shule zikifungwa nataka tutoke na binamu zangu wawili, tulale kando ya ziwa siku mbili halafu tupitie Nakuru tulale usiku mmoja huko juu Menengai, tumalizie Baringo. Hema nimechoka nalo, asubuhi jua likichomoza tu ndani kunakuwa ka oveni. Sasa nimeona hamoki mbili sokoni, vile vitanda vya kutundika kati ya miti miwili. Moja ni ya kamba za pamba, iko na vijiti viwili vya mbao kwa miisho, imetandazika poa sana na muuzaji anasema hiyo ndio unalala flati. Ingine ni ya nailoni ya parachuti, inaingia kwa kamfuko kadogo saizi ya embe, lakini ukiifunga inajikunja ka ganda la ndizi. Nichukue gani? Na venye ni joto, si blanketi naweza acha nyumbani?
Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, salamu nyingi. Chukua ile ya ganda la ndizi, na blanketi lisibaki nyumbani. Wacha nikueleze vizuri manake hiki kitu watu wengi wanakinunua kwa macho halafu usiku ni mgongo ndio unalipa.

Ile ya vijiti ni ya kuweka kwa baraza, mtu anyooshe miguu lisaa limoja baada ya ugali wa mchana, na hapo sina ubaya nayo. Shida ni kwamba vijiti vinaifanya ikae bapa na juu juu, kwa hivyo ukijigeuza kidogo tu usingizini inakumwaga. Ya parachuti inakumeza katikati, si rahisi uanguke. Halafu pamba inanyonya maji. Umande wa kando ya ziwa peke yake unatosha kuilowesha, ikilowa inakuwa nzito, ukiikunja mbichi kwa begi inaota ukungu, na kamba ya pamba ikishaoza inakatika bila kukuonya. Nailoni au polista unaikung'uta, unaianika kwa jua la saa tatu asubuhi, mkimaliza chai imekauka.

Hiyo mambo ya kulala flati, ya parachuti pia unalala flati, lakini lazima ujue namna. Hulali ukifuata urefu wake kama mgonjwa kwa machela. Unalala mshazari, kichwa unakisogeza kidogo upande mmoja na miguu unaipeleka upande wa pili, pole pole, hadi usikie magoti yamelegea na kiuno kimenyooka. Watu wa Taíno kule visiwa vya Karibi walikuwa na hivi vitu kabla Columbus hajafika 1492, na hata jina limetoka kwa neno lao, hamaca, likapitia Kihispania. Mpaka leo Yucatán kule Meksiko na kaskazini mwa Brazili kuna familia zinalala hivyo hivyo kila siku, mshazari, na hakuna mtu analia mgongo.

Ndio uweze kulala mshazari, kitambaa lazima kiwe kirefu, na hapa ndio mtu wa urefu wako huumia. Nyingi za bei rahisi zina urefu wa mita 2.6 au 2.7 hivi. Mtu wa futi tano na nusu atajipanga, lakini wewe utalala umepinda kama ndoano, kitambaa kimekukaza visigino, asubuhi magoti yanauma na unasema hamoki ni mbaya kumbe ni fupi. Tafuta ya mita 3.3 hivi kwa urefu na mita moja na nusu kwa upana. Usiamini namba iliyoandikwa kwa pakiti juu wengine wanahesabu hadi kamba. Beba tepu ya fundi cherehani, omba hamoki itandazwe hapo hapo, pima kitambaa chenyewe kutoka mahali kimekusanywa hadi mwisho wa pili. Uzito, wewe na kilo zako 92 tafuta iliyoandikwa 150 kwenda juu.

Sasa tuje kwa mgongo, na hapa nakuomba usome pole pole.

Miaka michache iliyopita nililala kando ya hili ziwa letu, upande wa Dunga, na hamoki nzuri kabisa ya nailoni nyembamba, neti nimeitundika juu ikashuka pande zote mbili kama ile ya kitanda. Nikasikia mbu wakipiga kelele huko nje nikalala nikijua niko salama. Saa kumi alfajiri nikaamka mgongo unawaka. Ndugu yangu akanimulika na simu, akanyamaza kwanza, halafu akaniambia kutoka mabegani hadi kiunoni nimefura vipele, vimepangana mstari kwa mstari kama gunzi la mahindi, na viko pale tu ambapo shati lilikuwa limegandana na kitambaa. Neti ilikuwa imeishia kwa kingo za hamoki. Chini hakukuwa na kitu. Mbu walikuwa wanatua kwa kitambaa kutoka chini, wanapitisha mdomo kwa ile nailoni, wanakunywa. Wiki mbili baadaye nikapimwa damu, malaria.

Kitanda kina godoro, kwa hivyo mbu wa chini hana njia, na ndio maana sisi wote tumezoea kufikiria neti ni kitu cha kutoka juu. Hamoki haina godoro. Ni wewe, kitambaa chembamba, na hewa. Kando ya Ziwa Viktoria malaria iko mwaka mzima, na mbu anayeileta, Anopheles, anauma usiku hadi alfajiri, yaani masaa yale yale uko hapo umelala umetulia. Kwa hivyo neti ya kununua ni ile inayozunguka hamoki yote kama soksi, chini pia, inafungwa kwa zipu au kamba kwa miisho. Kama hiyo ya nailoni uliyoona neti yake imeshonwa juu peke yake, hamoki iwe ya tabaka mbili za kitambaa na uweke kitu kinene katikati ya hizo tabaka. Tabaka mbili tupu zinasaidia lakini nisikudanganye, mdomo wa mbu ni mrefu kuliko unavyodhani.

Kuna pia dawa ya kunyunyizia kitambaa, permethrini, ni ya jamii ile ile ya dawa za neti za hospitali. Wazee wa Molo wataielewa haraka manake imeigwa kutoka pareto, ile maua meupe tulikuwa tunaona mashambani na gunia zikipelekwa Nakuru, wakati Kenya ilikuwa inauza pareto kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Nyunyizia upande wa chini, wa nje, acha ikauke kabisa kabla ya kulalia. Na tafadhali hamoki iliyo na hiyo dawa usiifue ziwani, inaua samaki. Kwa paka pia ni sumu ikiwa bado mbichi, kama uko na paka nyumbani anika mahali hafiki.

Blanketi sasa. Unasema ni joto, na kweli mchana Kisumu jua linachoma, lakini hata hapo ikifika saa kumi usiku huwa chini ya digrii 20, na upepo wa kutoka nchi kavu kwenda ziwani unapita chini yako usiku kucha. Kinachokupasha joto kwa blanketi ni hewa iliyokaa ndani ya manyoya, na ukililalia unaifinya yote ikatoka, kwa hivyo mbele uko sawa lakini matako na mabega yanakuwa baridi kama umelalia sakafu. Kisumu utavumilia. Menengai hutavumilia, mwalimu. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, mji wa Nakuru kama 1,850, na ule ukingo wa Menengai unapita 2,200, na ukipanda mita 1,000 joto hushuka kama digrii sita hivi, sasa piga hesabu mwenyewe wewe ni mwalimu. Nenda na ule mkeka wa povu wa mazoezi, uingize kati ya tabaka mbili za hamoki ndio usiteleze. Huo mkeka mmoja unafanya kazi mbili, unazuia baridi na unazuia mbu, na kama pesa ni kidogo ningekuambia nunua huo kabla ya kununua hamoki ya bei kubwa. Baringo hutauhitaji kwa baridi, ni kama mita 1,000 tu na usiku ni joto, lakini kwa mbu utauhitaji.

Kamba nazo. Usinunue hamoki ukapewa na kamba nyembamba ya manila. Inakata ganda la mti na yenyewe inalika. Unataka mikanda ya polista, upana sentimita mbili na nusu au zaidi, si ya nailoni juu nailoni ikilowa inanyumbuka na utajikuta umekaa chini alfajiri. Miti iwe imeachana hatua sita hivi za mtu mzima, mkanda uufunge kimo cha kichwa, na ukikaa katikati iwe kimo cha kiti cha kawaida, hata ukianguka hutaumia sana.

Halafu usivute ikakazana! Watu wanadhani ikivutwa sana ndio inanyooka. Mkanda ushuke kwa pembe ya digrii 30 hivi, yaani kila mita moja unayotoka kwa mti, mkanda umeshuka kama nusu mita na kidogo. Kwa pembe hiyo kila upande unavutwa na nguvu sawa na uzito wako, kwako ni kilo 92. Ukiukaza hadi pembe ya digrii 10 kila upande unavutwa na zaidi ya kilo 260. Ni wewe yule yule, hamoki ile ile, lakini mshono na mti vinabeba kama watu watatu. Wengi hufika sokoni kulalamika eti hamoki ilikuwa feki kumbe ni hiyo.

Mti wenyewe uwe hai na mnene kuliko paja. Pale Ziwa Nakuru na Baringo maji yalipanda miaka ya karibuni yakaua migunga mingi ya ufukoni, imesimama meupe na inapendeza kwa picha, usiguse hiyo. Mkaratusi pia nauogopa, unaangusha matawi makubwa hata siku hakuna upepo. Na kabla hujafunga chochote angalia chini: ukiona nyasi zimekatwa fupi sawasawa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa, na kanjia kamelala kutoka majini, hapo ni kwa kiboko. Anatoka maji usiku kula na hiyo ni barabara yake, hazunguki. Baringo hasa, na hapa Dunga pia. Uliza wenyeji wa pale, wavuvi wanajua kila njia, na utakachoambiwa ukifuate hata kama ule mti ulikuwa umeupenda.

SWALI: Mimi ni mama wa Nakuru, Section 58. Mtoto wangu ako na miezi minane na analia sana usiku. Rafiki yangu ameniambia nimnunulie hamoki ndogo ya watoto, nimlaze hapo tukienda kempu na hata nyumbani. Ni salama?
Mama wa kifungua mimba

JIBU: Mama, hapana. Najua umechoka, na najua akibembezwa anatulia, lakini usimlaze humo. Mtoto mdogo akilala kwa kitambaa kinachojikunja kidevu kinashuka kwa kifua na njia ya hewa inajifunga, au anageuza uso kwa kitambaa na hana nguvu ya kujitoa, na haya yote hayana sauti, hutasikia kitu. Alale kwa kitu bapa na kigumu, chali, bila mito, na neti yake imefungwa vizuri. Kumbembeza ukiwa umemshika mikononi, macho yako yakiwa kwake, ni sawa. Ukisikia usingizi unakujia wewe, mtoe umrudishe kwa kitanda chake. Huko kambini lala naye ndani ya hema, godoro lake kando yako. Na kilio cha kila usiku umwambie daktari wa kliniki pia, inaweza kuwa sikio.

SWALI: Anko, niko chuo huku Kakamega na tunapenda kulala msituni wikendi. Mvua inatupata kila mara. Turubai kubwa tunayo lakini bado asubuhi hamoki imelowa miguuni. Na siafu walitufukuza mara moja. Tufanye aje?
Wanafunzi watatu, Kakamega

JIBU: Vijana wangu, maji hayatoki juu, yanatembea kwa mkanda. Mvua inateremka mti, inashika mkanda, inafuata hadi kwa kitambaa. Fungeni kakipande ka uzi kwa kila mkanda, ndani kidogo ya pale turubai inaanzia, mwisho wake uning'inie. Maji yakifika hapo yanafuata uzi yanadondoka chini. Turubai iwe ndefu kuliko hamoki angalau nusu mkono kila upande, na muishushe chini upande upepo unatoka.

Msitu wa Kakamega hupata mvua karibu mwaka mzima, na kwa kawaida inaanguka kuanzia mchana kuelekea jioni, kwa hivyo turubai ifungwe kwanza, hamoki baadaye, hata kama mbingu ni samawati mkifika. Disemba hadi Februari ndio kuna afadhali. Na radi za huku Magharibi mnazijua. Ikianza kunguruma msikae kwa mti mrefu uliosimama peke yake wala kwa ukingo wa uwazi, na ikiwa karibu kabisa tokeni, tafuteni nyumba au gari.

Siafu hapana dawa ila macho. Kabla ya kuchagua mti zungukeni na tochi mita kumi kila upande mkitafuta ule mstari mweusi unaotembea, na mkiona ndege wengi wadogo wanaruka ruka chini wakilia, hao mara nyingi wanafuata siafu kula wadudu wanaokimbia. Hameni. Hawakai, kesho watakuwa wamepita. Na tafadhali mlipie na mwambie walinzi mnalala wapi, iwe ni upande wa Buyangu au Isecheno, mtu ajue mko ndani.

SWALI: Nikiwa Nakuru naweza funga hamoki ndani ya Lake Nakuru National Park?
Msafiri, Naka

JIBU: Mchana, pale pa kupumzikia watu, muulize askari wa KWS, shirika la wanyamapori, kwanza. Usiku usilale kwa hamoki humo. Uzio wa ile mbuga unazunguka nje, ndani kuna simba, chui na nyati, na wewe uko ndani pamoja nao. Tumia hema, kwa kambi zao rasmi. Chakula usikiache nje pia, nyani wa pale wanajua kufungua zipu.

SWALI: Mimi ni mvuvi Usenge, nyavu za zamani ninazo nyingi. Naweza jitengenezea hamoki badala ya kununua?
Kijana wa Usenge

JIBU: Ya kupumzika mchana chini ya mwembe, ndio, na ni baridi kuliko zote juu hewa inapita kila mahali. Lakini wavu uliotupwa kwa sababu umezeeka umeshaliwa na jua, uzi unaonekana mzima na ukiuvuta kwa nguvu unapasuka. Jaribu kila sehemu kwa mikono kabla. Na ya kulala usiku hapo kwenu na mbu, hapana, tundu za wavu ni mlango.

Kwa usiku nunua mita nne za kitambaa cha nailoni kigumu, upana mita moja na nusu. Fundi akunje kingo ndefu mara mbili ashone mistari miwili. Kwa kila mwisho akunje sentimita kumi kutengeneza mfereji, ashone mistari mitatu kwa uzi wa polista, si wa pamba. Wewe sasa ndio fundi wa kamba kuliko mimi: pitisha kamba nzuri kwa mfereji, kusanya kitambaa chote, funga kile kifundo chako cha mashua ambacho hakilegei. Ifunge mara ya kwanza kimo cha goti, chini kuwe na nyasi, ukae kwanza na makalio peke yake miguu iko chini, uruke ruke kidogo. Sikiliza mshono. Ukisikia tatatata, rudisha kwa fundi aongeze mistari.